Eti "kijana mtanashati"! Yule bwana leo kamgeuza mwanamke aliyechorwa na Jeanne Mammen kuwa mwanaume

Wakuu, nimetoka mhadharani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua, yule yule wa skafu.

Kaweka ukutani picha ya Mammen, yule mchoraji mwanamke wa Berlin, ya mwaka 1928 hivi, "Sie repräsentiert". Ukumbi wa starehe Berlin, wanawake tele, na mmoja kavaa kofia ndefu ya silinda. Jamaa akakohoa kama mjukuu wa Kaisari, akatamka: "Huyu kijana mtanashati kawatoa mabinti." KIJANA!

Jina la picha lenyewe linasema ni mwanamke! "Sie" hapo kwa Kijerumani ni yeye wa kike. Yeye akatafsiri "Yeye anawakilisha", akajificha nyuma ya "yeye" yetu isiyobagua mke wala mume. Mammen, mama wa watu, kazunguka baa za wanawake wanaopendana na penseli yake, mwaka 1931 michoro yake ikaingia kwenye kitabu cha mwandishi Curt Moreck cha starehe za Berlin. Akachora litografia (picha za kuchapwa kwa jiwe) za mashairi ya Kifaransa ya Bilitis, mapenzi ya wanawake kwa wanawake, Wanazi wakazuia zisichapishwe. Leo mtu anashika maiki anasema kijana! Nikapaza sauti, "Ni mwanamke!" Akanijibu, "Dada, tutafika huko." Hatukufika! Studio ya Mammen, mtaa wa Kurfürstendamm namba 29 Berlin, ipo mpaka leo, si angepiga hodi tu?

Kobe_Mzee: Usiku mzima kwa ajili ya kofia? "Sie" ni "wao" pia.

Mleta uzi: Kitenzi ni cha umoja, mkuu. Ingekuwa wao, ingekuwa "repräsentieren". KIJANA, jamani!

Pilipili_Mbuzi: Mwaka jana huyo huyo alimwita Sylvia von Harden, yule mwandishi mwanamke aliyechorwa na Otto Dix, "karani wa benki". Mama wa watu kavaa gauni!

Mtaa_wa_Saba: Afadhali yeye. Mwenzake wa Jumanne saa nzima ni wachoraji wanaume, Dix na Grosz, Mammen dakika mbili, na msanii mwanamke mwingine, Hannah Höch, hakuguswa.

BabaNasra: Mimi kilichoniuma ni euro 12 za kiingilio na sambusa za baridi.

Kobe_Mzee: Wewe ulipata za nyama? Zangu viazi vitupu.

Mleta uzi: Wakuu, rudini kwenye mada. Alisema KIJANA.

Pilipili_Mbuzi: Za nyama walikula wa safu ya mbele. Kila mara.

BabaNasra: Na chai haikuwa na tangawizi.