Naomba ushauri: swali moja la chemsha bongo, majibu mawili sahihi

Habari zenu wakuu. Kila Jumamosi naendesha chemsha bongo ya vijana mtaani kwetu. Juzi niliuliza: Mtanzania gani alipata medali kwenye Olimpiki ya Moscow 1980? Timu moja ikajibu Filbert Bayi, nyingine Suleiman Nyambui. Karatasi yangu ilikuwa na Bayi tu, nikawanyima wa Nyambui pointi. Kumbe wote walipata fedha! Bayi mita 3000 kuruka viunzi na maji, Nyambui mita 5000.

Nimeomba radhi, nikapendekeza swali lifutwe. Walioshinda kwa pointi hiyo moja wamegoma, na soda za zawadi walishakunywa.

Je, niwaongeze wenzao pointi au niulize swali jingine? Na mnaotunga maswali, mnahakikishaje jibu ni moja tu?