Data za kampuni za miaka 10: hadidiski, kanda au wingu?

karani_wa_seva
Wakuu, naomba ushauri. Tuna TB 14 ambazo hazifunguliwi kila siku: ankara zilizoskaniwa, barua pepe za zamani, michoro, na hifadhidata ya mfumo wa uhasibu tulioachana nao. Huongezeka kama TB 2 kwa mwaka. Zinatakiwa zikae miaka 10, na mkaguzi akitaka kitu tunaweza kusubiri siku mbili. Kwa sasa ziko kwenye hadidiski za nje, nakala moja tu, kabatini. Kuna anayesema tuhamie SSD (diski ya chipu) kwa sababu haina kitu kinachozunguka. Yuko sahihi?

kanda_tupu
SSD ifute kwenye orodha. Data yake ni chaji ya umeme iliyofungiwa ndani ya seli, nayo huvuja kidogo kidogo kifaa kikikaa bila umeme. Kiwango cha JESD218 cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kinaitaka SSD ya kawaida iliyokwisha kuandikwa hadi kikomo chake itunze data mwaka 1 tu bila umeme kwa nyuzi joto 30, na ya seva miezi 3 kwa nyuzi 40. Ikiwa mpya hukaa zaidi, ila joto la kabatini huifupishia muda.

Mimi ningechukua kanda za sumaku za LTO-9 (kizazi cha tisa cha kanda za LTO za kuhifadhia data), nakala mbili, moja ikae jengo lingine. Kanda moja hubeba TB 18. Ile 45 iliyoandikwa kwenye boksi isahau: inadhani data itabanwa mara 2.5, na ankara zilizoskaniwa tayari zimebanwa. Zitunze kwenye nyuzi 16 hadi 25, unyevu asilimia 20 hadi 50.

Mambo mawili huwasumbua wageni wa kanda. Kanda mpya ya LTO-9 ikiingizwa mara ya kwanza hujipima, na inaweza kuchukua hadi saa 2. Usizime mashine ukidhani imeganda. La pili ni kasi. Mashine huandika hadi MB 400 kwa sekunde, kwa hiyo kanda nzima ni kama saa 12 na nusu kwa kasi hiyo. Ukiilisha mamilioni ya faili ndogo kutoka diski ya polepole, itasimama, irudi nyuma, ianze tena, mchana kutwa, na huko ndiko kanda na kichwa cha kusomea vinakolika. Fungasha kwanza kwa tar (programu ya kuunganisha faili nyingi kuwa moja), mafungu ya GB 50 hivi, kwenye diski yenye kasi.

mlinzi_wa_faili
Mkuu, kwa TB 14 kanda ni kununua lori la kubebea kikapu. Mwaka wa 10 watakuwa na TB 34, yaani kanda mbili kwa kila nakala, wakati mashine yenyewe ndiyo ghali na inadai kadi ya SAS (ya kuiunganishia) kwenye seva. Tena mashine za LTO-10 hazisomi LTO-9, kwa hiyo hiyo ya leo italazimika kutunzwa nzima au data ihamishwe.

Kwao ningeweka seti mbili za hadidiski katika majengo mawili, na nakala ya tatu kwenye wingu, daraja la baridi (la data isiyoguswa mara kwa mara) kama S3 Glacier Deep Archive ya Amazon. Kutoa data huko ni ndani ya saa 12, au 48 kwa njia ya bei nafuu, na siku mbili wanazo. Angalieni haya: kitu kikifutwa kabla ya siku 180 bado mtalipia siku zote, kila faili huongezewa KB 40 za maelezo yake, hivyo faili ndogo zifungashwe hapa pia, na kushusha TB 14 kuna ada yake, ipigieni hesabu kabla.

Washeni Object Lock, kufuli la S3 la kuzuia faili zisifutwe. Kwenye hali ya compliance hata mwenye akaunti hafuti faili hadi muda uishe. Jaribuni kwanza kwa siku 1, maana mkikosea miaka hamwezi kuipunguza. Ila akaunti ikifungwa, data inaondoka nayo, kwa hiyo bili isitegemee kadi ya mtu mmoja.

jedwali
Mnabishana kuhusu chombo, lakini hifadhidata itawafia hata ikiwa salama kwenye kanda, kwa kukosa programu ya kuifungua. Toeni kila jedwali kuwa CSV (maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa mkato) ya usimbaji wa herufi wa UTF-8, tarehe kwa mtindo wa 2016-03-04 (mwaka, mwezi, siku), pamoja na maelezo ya kila safu na uhusiano wa majedwali. Msiifungue CSV kwenye Excel na kuisevu: namba za akaunti zinazoanza na sifuri hupoteza sifuri hizo, na hakuna atakayegundua hadi siku ya ukaguzi. Ankara ziwe PDF/A (PDF ya kutunzwa muda mrefu), barua pepe ziwe EML au mbox (miundo inayofunguka kwenye programu nyingi).

karani_wa_seva
Asanteni sana. SSD tumeachana nayo. Tunaelekea hadidiski na wingu. Je, tusimbe data, isisomeke bila ufunguo? Na ukaguzi wa diski uwe kila baada ya muda gani?

kanda_tupu
Simbeni, lakini ufunguo uchapishwe kwenye karatasi, bahasha mbili, majengo mawili. Usikae kwenye seva ile ile, maana seva ikifa bila ufunguo hata nakala tatu hazina thamani. Orodha ya SHA-256 (alama inayobadilika faili ikibadilika) itengenezwe kabla ya kunakili, ikae pamoja na data na nje yake. Kila miezi 6 washeni kila diski na msome faili zote kwa amri ya sha256sum -c, inayozilinganisha na orodha hiyo. Faili moja ikigoma, irudisheni kutoka nakala nyingine na diski hiyo ibadilishwe, hata kama zilizobaki zinasomeka.

mlinzi_wa_faili
Na seti mbili zisiwe za toleo moja lililonunuliwa siku moja. Diski za kundi moja hupenda kufa pamoja.