Gari la 1971 halina shida, shida ni spea "mpya" mnazotuuzia!

Wakuu, siku tatu natafuta namna ya kuandika hili bila matusi. Nitajitahidi.

Kwa wasionijua, niko Uingereza, upande wa Midlands, na nina MGB ya wazi ya watu wawili, ya mwaka 1971. Kabla hujaniambia niiuze ninunue IST, mke wangu ameshasema, na mama amepiga simu kutoka Tanga kusema hivyo hivyo. Kuna wanaokunywa pombe, mimi nanunua gasketi. Tuendelee.

Jumamosi nilikuwa Shelsley Walsh. Ni kibarabara chembamba kinachopanda kilima huko Worcestershire, yadi 1,000 tu, yaani mita 914, na watu wanashindana kukipanda tangu 1905. Mnapanda mmoja mmoja, mpinzani wako ni saa. Magari yaliyoundwa kwa kazi hiyo yanafika juu kwa sekunde 22 na kitu. Mimi ndoto yangu ilikuwa kushuka chini ya 40, basi.

Nimeliandaa hilo gari tangu majira ya baridi, gereji haina hita, vidole vimekufa ganzi. Vali nimezipanga upya. Kabureta mbili za aina ya SU nimezisawazisha kizee, kipande cha mpira sikioni nasikiliza zinavyovuta hewa mpaka zikalingana. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe safi, nikasema ngoja nimalizie na sehemu ya umeme: kofia ya distributa (kifaa kinachogawa umeme kwenda kwenye plagi), rota, pointi na kondensa, vyote vipya. Nikaagiza duka moja kubwa la spea za magari ya zamani. Vikaja kwenye boksi zuri lenye rangi za enzi zile, unatamani uliweke kabatini. Rota ya zamani nikaitupa kwenye pipa la taka. Ilikuwa inafanya kazi! Sikuwa na sababu yoyote ya kuitoa.

Mbio ya kwanza ya mazoezi. Nikatoka vizuri, nikapita kona ya Kennel, nikapita Crossing, nakaribia zile kona mbili za Esses gari likakohoa mara mbili likazima. Kimya. Bendera nyekundu juu, na foleni nzima huko chini ikasimama kwa ajili yangu. Likasukumwa pembeni watu wakitazama, na mtu mweusi kwenye ile shughuli nilikuwa peke yangu, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza gari ni la nani.

Tuliporudishwa chini nikavamia kabureta. Saa nzima nimefungua jeti, nimepuliza, nimerudisha. Wazee wa magari haya wana msemo wao kwamba matatizo mengi ya kabureta yako kwenye distributa. Mzee mmoja jirani yangu, mwenye gari dogo la Austin-Healey Sprite, lile la macho ya chura, aliniangalia weee, akaja na kopo la tumbaku limejaa vikorokoro. Akachomoa rota yangu, akaigeuza mara moja tu, akacheka. Akanipa yake, imepauka, haijulikani ni ya mwaka gani. Gari likawaka kwa stati moja.

Sasa hasira zangu ziko hapa. Rota ni kidude cha plastiki ngumu kinachozunguka juu ya shafti ya distributa, kinapokea umeme mkali wa koili na kuugawia plagi nne kwa zamu. Juu kuna kipande cha shaba. Kwenye rota za zamani kile kipande kimeshikwa bila kuitoboa plastiki karibu na shafti. Hizi za siku hizi wanakipigilia ripiti inayozama mpaka karibu itokee upande wa pili. Kati ya ripiti na shafti panabaki plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu. Injini ikipata joto umeme unapenya hapo hapo, unaingia kwenye shafti, plagi hazipati kitu. Ikipoa gari linaweza kuwaka tena, ndiyo maana unahangaika na mafuta kumbe wala.

Na wanajua! Jambo hili linalalamikiwa miaka na miaka. Niliwaandikia wale wa duka, jibu likaja kwa adabu kubwa: pole kwa usumbufu, tutakutumia nyingine bure. Nyingine ipi? Rota ni pauni chache. Kiingilio, trela, mafuta, likizo niliyoomba kazini, nani anarudisha?

Nilikuja huku nikiamini feki ni mambo ya Kariakoo. Lakini angalau Shauri Moyo unaishika spea mkononi, unagombana na muuzaji uso kwa uso, fundi wako yupo pembeni anaikagua kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kuna aliyeniambia nifunge mfumo wa elektroniki wa kuwashia plagi. Kaka, ule unaondoa pointi na kondensa. Rota inabaki pale pale.

Halafu hamjasikia kuhusu mpira wa petroli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huku ni E10, ina ethanoli hadi asilimia 10, na inakula mipira ya zamani. Nikanunua mpira ulioandikwa kabisa kwamba unahimili ethanoli. Miezi minane umepasuka nyufa, unatoa jasho la petroli juu ya bomba la moshi. Rota mbovu itakuacha barabarani. Huo mpira ungeniunguza.

Injini ina miaka zaidi ya 50, sanduku la gia ndilo lile lile, hata geji za dashibodi bado zinasoma. Kilichonizimia gari kina wiki mbili.

Mwenye rota ya zamani ya distributa ya Lucas 25D4, hata imechakaa, aniambie bei. Ile ya mzee natakiwa kumrudishia, na hajaacha kunikumbusha.

Bahasha ya dukani imefika leo asubuhi. Nimeifungua na kuigeuza. Ripiti ile ile.