Yule muuza nyavu, mtu akitoa rula amekutukana?

Wadau, nimetoka mjini saa hii na bado natetemeka. Yule muuza nyavu, sitaji jina, watu wa Kisumu mnamjua, leo amenivua nguo mbele ya watu. Nimeitisha wavu wa mbuta (sangara), macho inchi 5, kwa sababu chini ya hapo ni kesi. Akanirushia furushi: "Tano hiyo, beba." Nikatoa rula. Nikavuta jicho likanyooka kabisa, nikapima kutoka fundo hadi fundo la ng'ambo. Inchi 4 na kitu! Jamaa akanipokonya rula. AKANIPOKONYA. Mbele ya akina mama wanaouza omena (dagaa) akaniambia, "Mzee, hapa si shule."

Hapa si shule! Kicheko cha lile duka kimesikika mpaka Mbita.

Eti "ukiloa utapanuka." Nailoni gani hiyo, mandazi? Maafisa wa uvuvi wakiushika wanauchoma, na anayepelekwa kortini ni mimi. Kisha akanionyesha ule wa uzi mmoja wa plastiki, uliopigwa marufuku kitambo, ananong'ona kama muuza bangi. Lakini hayo yote ningemeza. Mtu mzima kupokonywa rula!

Mtu wa Dunga: Alikurudishia?

Mwenye mada: HAKURUDISHA! Nimeiacha kaunta, anapimia wengine kamba!

Kasia Moja: 😂😂 Mzee kaenda dukani na seti nzima ya jometri. Bikari ulibeba?

Nyar Usenge: Afadhali wewe. Mimi huyo huyo aliniuzia ndoano na mshipi wa kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka, asiniambie nifunge kipande cha waya juu ya ndoano. Kamongo na yale meno akakata, akaenda zake na ndoano. Nilirudi kulalamika, akaniuliza kama kamongo aliniachia risiti.

Kasia Moja: Risiti ya kamongo!! Nimekufa 😂

Baba Pacha: Kwani kuna watu bado wanakula kamongo?

Nyar Usenge: Wewe nyamaza, hujui utamu.

Mwenye mada: Jamani, turudi kwa rula.

Mtu wa Dunga: Kamongo akaushwe kwa moshi kwanza, halafu mchuzi wa nyanya. Mbichi ana shombo.

Baba Pacha: Shombo hata akikaushwa. Mumi (kambare) je?

Nyar Usenge: Mumi na kamongo wapi na wapi! Nani yuko Usenge kesho nimwonjeshe huyu?