Ramani ya awali ya nyumba ya zamani Mbeya naipataje?

mrithi_forest: Wakuu, heshima kwenu. Nyumba ya marehemu mzee iko Forest ya Zamani, ilijengwa miaka ya 80. Hati ipo na ina ramani yenye bikoni, ila ramani ya vyumba hatuna. Tunataka kupandisha ghorofa. Tuanzie wapi?

Kitalu_D: Pole kwa msiba mkuu. Hiyo yenye bikoni ni ramani ya upimaji, inaonyesha mipaka tu. Ya jengo hukaa kwenye jalada la kibali cha ujenzi. Mwandikie Mkurugenzi wa Jiji kuomba nakala. Ambatanisha hati, kitambulisho na barua ya usimamizi wa mirathi ya mahakama. Taja namba ya kiwanja na kitalu, maana jina la mzee na mtaa havitoshi. Kama kiwanja kiligawanywa au kupimwa upya, andika na namba ya zamani, la sivyo utaambiwa jalada halipo kumbe lipo. Halafu Mbeya imekuwa Jiji 2005, kwa hiyo waombe watafute kwenye majalada ya kabla ya hapo.

fundi mchundo: Ukiipata, ilaze mezani uipige picha kwanza. Karatasi kuukuu hukatika kwenye mikunjo, na vipimo vikiwa hapo vimepotea.

Kisha hakiki kwa futi kamba, kwani mafundi hubadilisha mambo saiti. Pima kila chumba kona kwa kona kwa mshazari: cha mita 3 kwa 4 pembe zake zikiwa mraba, utapata mita 5 kamili. Unene wa ukuta upime kwenye mlango. Tofali la inchi 6 na plasta pande mbili ni kama milimita 180. Jumlisha vyumba na kuta, ulinganishe na kipimo cha nje.

Msingi ndio wa kuogopa. Chimba shimo kando ya ukuta mpaka uone kina na upana wa zege, usipitilize chini yake, na ufukie kabla mvua haijaingia. Huku ni Bonde la Ufa, matetemeko yapo. Usipandishe ghorofa kabla mhandisi aliyesajiliwa hajapima zege na nondo.

mrithi_forest: Shukrani wakuu. Na jalada lisipopatikana kabisa?

Kitalu_D: Mbunifu aliyesajiliwa atachora nyumba ilivyo sasa, kwa kipimo cha 1:100. Mchoro huo unaambatana na ramani za ghorofa na za mhandisi kwenye maombi ya kibali kipya.