Mjadala: Kijana mwenye kamera ya mkononi hapa Mwanza, kwa nini aombe kibali cha filamu?

Mleta mada, Igoma

Wakuu, salaam. Hii hoja tunaizungusha vijiweni kila siku na haiishi, nimeona niilete hapa.

Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, inayodai kibali hicho, ni ya mwaka 1976. Enzi hizo kutengeneza filamu ilikuwa shughuli ya Tanzania Film Company na idara za serikali: kamera nzito, mtu wa sauti, gari, dereva, mikanda ya kusafirishwa ikasafishwe. Msafara kama huo kuombewa kibali, naelewa. Leo kijana anashuka kivukoni Kamanga na simu yake, peke yake, anashuti dakika 12 za mawe, mawimbi na kelele za makondakta. Hakuna hadithi, hakuna staa, hauzi tiketi. Huyu naye apange foleni moja na kampuni inayofunga barabara?

Kilichobadilisha mambo ni kaseti ndogo za dijitali zilizoingia sokoni mwaka 1995. Machi ya mwaka huohuo, waongozaji wa filamu wa Denmark, Lars von Trier na Thomas Vinterberg, walitangaza kanuni kumi walizoziita Dogme 95: kamera ishikwe mkononi, taa za ziada marufuku, sauti isitengenezwe mbali na picha, hata jina la mwongozaji lisiandikwe. Mwaka 1998 Vinterberg akapata Tuzo ya Majaji pale kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kwa Festen, filamu iliyopigwa kwa kamera ndogo ya kaseti, ile ambayo baba wa familia angebeba likizo. Picha ina chembechembe, inayumba. Lakini imekaa mezani na wageni, inawatazama usoni wakati siri za familia zinamwagika. Kamera kubwa isingepenya pale.

(Kichekesho: kanuni ya tisa ilidai filamu iwe ya milimita 35. Walipiga kwa kaseti, kisha wakaihamishia kwenye mkanda. Hata wenyewe walioweka kanuni walitafuta upenyo.)

Ninachopendekeza: kundi lisilozidi watu watano, lisilofunga njia wala kufanya biashara, litoe taarifa kwa mtendaji wa mtaa na kuendelea na kazi.

Mama wa Mwaloni, Kirumba

Mwanangu, mwaka 2006 ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa hapahapa soko la Mwaloni nauza samaki.

Mtengeneza filamu Mwaustria, Hubert Sauper, alikuja na kamera ndogo, hiyohiyo unayoisifia, na mwenzake mmoja. Akatoa Darwin's Nightmare mwaka 2004, ikafika mpaka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Huku tukaiita filamu ya mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa. Dunia nzima ikaona minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya na sisi tunabaki na mifupa, tena ikadokezwa kwamba ndege hizo zinakuja na silaha. Rais Kikwete akaikemea hadharani, watu wakaandamana mjini.

Mapanki tunakula, ndiyo. Ukijua kuyakaanga utaomba tena. Lakini yule mtu alikuja, akachukua, akaondoka. Halafu wewe unataka hata hako kamlango kamoja kaondolewe?

Mleta mada, Igoma

Shikamoo mama. Nilijua filamu hiyo itatajwa, na mfano wako ndio unaonipa nguvu.

Sauper mwenyewe alieleza kwamba kuingia kwenye ndege za mizigo walijifanya marubani na wapakiaji, wakiwa na utambulisho wa bandia. Mtu wa aina hiyo kibali kingemfanya nini? Anayebanwa na kibali ni mtoto wako wa Igoma anayefuata utaratibu, siyo aliyekuja na kofia ya rubani.

Halafu tazama kibali chenyewe. Ni mazungumzo kati ya mpiga picha na ofisi. Ofisi inauliza skripti, inauliza taswira ya nchi. Anayepigwa picha, tuseme mwanamke aliyeinama kwenye chanja anageuza mapanki, hayumo kabisa kwenye karatasi hiyo. Mwenye karatasi yenye mihuri yote anaweza kumwanika vilevile. Wa kuulizwa kwanza ni yeye, na swali liwe kwa Kiswahili au Kisukuma, kabla kamera haijawashwa.

Mpiga video wa harusi, Nyegezi

Mimi sina timu humu. Kinachonikera ni hili neno «jaribio». Mtu sauti imemshinda, upepo wa ziwa umemeza maneno yote, anakwambia ni filamu ya majaribio. Wale Wadenmark walijikataza kupandikiza sauti baadaye, kwa hiyo ilibidi wainase vizuri palepale. Vijana wetu wanavunja kanuni ambazo hawajawahi kuzifuata hata siku moja.

Jingine ambalo hakuna anayeligusa. Kaseti moja ya zamani ilibeba saa nzima, kama gigabaiti 13. Wengi walifuta au walirekodi juu yake. Jirani zetu wa Wakaliga, Kampala, kwa mwongozaji wa filamu Nabwana: Who Killed Captain Alex ya mwaka 2010 imejulikana duniani, lakini faili asilia alilifuta ili apate nafasi ya kazi iliyofuata. Kama Bodi ya Filamu inataka kujishughulisha nasi wadogo, iache kudai skripti kabla, idai nakala moja baada, ihifadhi. Hapo nitapanga foleni kwa hiari yangu.

Mwanafunzi wa sheria, Malimbe

Naunga mkono hoja ya ridhaa. Tukumbuke pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mlango wa kumtetea yule mwanamke wa kwenye chanja upo tayari, tuusukume huo.

Mama wa Mwaloni, Kirumba

Marahaba mwanangu. Ridhaa nimeielewa. Ila mtendaji wa mtaa hajui ya ziwani. Mwaloni na visiwani taarifa ipelekwe kwa uongozi wa soko na BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi ufukweni. Na filamu ikiisha, ioneshwe kwetu kwanza, kabla ya Dar na kabla ya huko Ulaya. Walete hata shuka jeupe, tutakaa chini.

Swali: tukiiona na tukaikataa?

Mleta mada, Igoma

Kuionesha kwenu kwanza, nakubali kwa mikono miwili. Kuikataa inategemea ni nani anayekataa. Wewe uliyepigwa picha ukisema kipande chako kitoke, kitatoka usiku huohuo. Mwenyekiti wa soko akitaka kitoke kwa sababu soko limeonekana chafu, hakitoki.