Wi-Fi ya kompyuta yangu inakatika kila ninapoanza kazi ya hesabu: naomba ushauri

Mtunza Hesabu, Katuba

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninatunza hesabu za maduka mawili ya dawa hapa Lubumbashi, na kazi hiyo naifanyia nyumbani, Katuba, baada ya watoto kulala. Yapata wiki tatu sasa Wi-Fi ya kompyuta yangu inanitesa. Nafungua jedwali la mauzo lililoko mtandaoni, naingiza ankara tano au sita, kisha ukurasa unaganda: alama ya Wi-Fi inabaki imejaa, lakini hakuna kinachosonga. Baada ya dakika moja au mbili mtandao unarudi, na mara nyingine haurudi mpaka nizime Wi-Fi na kuiwasha tena.

Ruta iko ukutani, mita nne hivi kutoka mezani pangu, na hakuna kinachotutenga. Umeme ukikatika, ruta inaendelea kwa betri ya volti 12, na taa zake sijaziona zikizimika. Simu yangu, iliyo juu ya meza hiyohiyo, haipati shida. Mchana watoto wanapotazama masomo yao kwenye kompyuta hii hawalalamiki. Hata kipanya kisicho na waya nimekinunulia betri mpya, kwa kuwa nacho kimeanza kukwama, basi naona mashine nzima imechoka. Fundi mmoja ameniambia nifute Windows yote na kuiweka upya kwa dola 20. Kabla sijazitoa, nisaidieni kujua ugonjwa uko wapi.

Mkaaji wa Kampemba

Pole, mama. Mimi ningeanza na kampuni inayokuuzia mtandao. Kuanzia saa moja usiku watu wote wanaingia kwa pamoja na kasi inashuka. Kwetu ni hivyo kila siku.

Fundi wa Kamalondo

Ndugu wa Kampemba, hilo hutokea, lakini simu ya mama inapitia ruta ileile, kwa kampuni ileile, saa zilezile, nayo haikatiki. Tusimtume kudai kwa kampuni kabla ya kupima.

Mama, Windows usiifute. Data yako ina safari mbili: ya kwanza ni ya hewani, kutoka kompyuta hadi ruta, na ya pili ni kutoka ruta hadi nje. Pima ya kwanza peke yake. Fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, uitafute anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kisha andika ping -n 200 ukifuatisha anwani hiyo, na usubiri: kompyuta itatuma ujumbe mfupi mara 200, na kila mara kungoja jibu. Zoezi hilo huchukua zaidi ya dakika tatu. Majibu yakipotea hapo, kosa liko ndani ya chumba chako, na hakuna kampuni itakayolitatua kwa simu. Yakifika yote, rudia kwa 8.8.8.8, anwani ya Google iliyoko nje, ndipo tutakapoitazama safari ya pili. Andika pia netsh wlan show interfaces, utuambie chaneli, yaani njia ya hewani ambayo ruta inaitumia, na nguvu ya mawimbi. Nakuomba upime mchana na usiku, na usiku huo meza iwe kama inavyokuwa siku zote za kazi, bila kupangua kitu.

Mtunza Hesabu, Katuba

Saa kumi alasiri majibu yote 200 yamefika, mengi kwa milisekunde 2 au 3. Saa tatu usiku yamepotea 61, na mengine yamechelewa kupita milisekunde 900. Nguvu ya mawimbi ni asilimia 96 mara zote mbili, chaneli 6. Kumbe kosa liko humu ndani, lakini chumba ni kilekile!

Mwanafunzi wa Ruashi

Mama, huenda ni ruta za majirani, ambazo usiku zinafanya kazi zaidi. Kwenye gigahezi 2.4, masafa ya redio ambayo Wi-Fi nyingi huyatumia, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu. Ingia kwenye ruta uhamie 1 au 11. Usichague 3 au 4 ukidhani umejitenga, kwa sababu hapo utagongana na walio kwenye 1 na walio kwenye 6 pia.

Mtunza Hesabu, Katuba

Nimehamia 11. Usiku yamepotea 57. Sioni nafuu.

Fundi wa Kamalondo

Nimerudi kusoma maelezo yako ya kwanza, na kuna neno nililipita: kipanya kinakwama. Kipanya cha namna hiyo na Wi-Fi yako vyote vinatumia gigahezi 2.4, na vitu viwili vya masafa yaleyale vikiugua pamoja, basi kuna kitu karibu navyo kinachopiga kelele. Simu yako huenda imeunganishwa kwa gigahezi 5, ambako kelele hizo hazifiki. Tuambie, usiku unachomeka nini ambacho watoto hawachomeki mchana?

Mtunza Hesabu, Katuba

Diski ya nje, yenye picha za ankara zote tangu 2021. Naichomeka kushoto, kwenye tundu lenye ulimi wa buluu. Kipokezi cha kipanya kiko tundu linalofuata, kimegusana na plagi ya diski. Waya wake hauzidi urefu wa kiganja, kwa hiyo diski huwa imeegemea kompyuta.

Fundi wa Kamalondo

Ndiyo hiyo, mama. Tundu la buluu kwa kawaida ni USB 3.0, ambayo hupitisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na mwendo huo hutoa kelele za redio zinazoangukia palepale kati ya gigahezi 2.4 na 2.5. Intel walitoa waraka kuhusu jambo hili mwaka 2012. Kelele hutoka kwenye diski, kwenye waya na kwenye plagi, hasa waya usipokuwa na ngao nzuri ya chuma. Asilimia 96 isikudanganye, maana inaeleza nguvu ya sauti ya ruta tu na haiipimi kelele. Ni kama mtu akikuita kwa sauti kubwa mlangoni mwa mashine ya kusaga mahindi: sauti unaisikia, maneno hayakufikii.

Hamishia diski kwenye tundu la USB 2.0, ambalo ulimi wake kwa kawaida ni mweusi. Kasi yake ni megabiti 480 kwa sekunde, na kwa picha za ankara inatosha. Ikiwa huna tundu hilo, tafuta waya wa mita moja wenye ngao, uiweke diski mbali. Kipokezi cha kipanya nacho kikae mbali na diski. Badilisha kimoja, upime, ndipo uguse kingine, la sivyo hutajua kilichokuponya.

Mtunza Hesabu, Katuba

Nimeyaona kwa macho yangu. Nilianza kunakili picha huku ping ikiendelea, na mistari ikawa ni kupotea, kupotea, kupotea. Nilipochomoa diski, majibu yakaanza kushuka moja baada ya jingine, milisekunde 3, 2, 3. Nimeihamishia tundu jeusi la kulia, na kati ya 200 yamepotea 3 tu. Kipanya nacho hakikwami tena. Ila umeme ulipokatika nikabaki na betri ya kompyuta, yakapotea 14.

Mwanafunzi wa Ruashi

Hilo la betri ni jingine, mama. Ikiwa kwenye betri, Windows huipunguzia kadi ya Wi-Fi umeme ili kuweka akiba. Fungua mipangilio ya kina ya umeme, sehemu ya kadi ya mtandao usio na waya, na kwa upande wa betri uchague utendaji wa juu kabisa. Kompyuta nyingine hazina sehemu hiyo. Ukiikosa, fungua orodha ya vifaa, chagua kadi ya Wi-Fi, na kwenye ukurasa wa nishati uondoe alama inayoiruhusu Windows kuizima. Betri itaisha mapema kidogo.

Mtunza Hesabu, Katuba

Sehemu ya kwanza sikuiona, ya pili nimeiona na alama nimeiondoa. Jana usiku umeme haukuwapo tangu saa mbili, nikapima kwa betri: 200 kwa 200. Ankara za duka la kwanza nimezimaliza zote kabla ya saa tano. Nimebandika karatasi nyekundu juu ya tundu la kushoto, ili mtu asiirudishe diski pale kwa kusahau. Aksanti sana, na Mungu awabariki.